Modemu Kabla ya Pentekoste

Kijijini, ndani ya Usinge
3 Aprili 2024

Ndugu Fundi Plasidi,

Mimi ndiye yule mwalimu aliyekupigia jana kutoka stesheni ya Usinge, simu ikawa inakatika-katika. Uliniambia niache kueleza kwa mdomo, niandike kila ninachokiona kwenye kioo cha kompyuta, kisha nimpe Uwesu wa behewa la chakula akuletee hapo Ng'ambo. Basi naandika. Namba yako nilipewa na Mwalimu Tobias, uliyemtengenezea printa.

Wakati wa Pasaka nilikuwa Tabora kwenye semina ya walimu. Hosteli ilikuwa na intaneti ya bure, na kompyuta yangu ikaniuliza kama nataka mfumo mpya. Nikakubali. Ikajipakia, ikajizima na kujiwasha, na ilipomaliza sura yake ilikuwa ngeni kabisa, hata zile alama za chini zimehamia katikati. Niliipenda. Nikarudi nyumbani nikijiona nimeendelea.

Nilipochomeka modemu, taa yake iliwaka, kompyuta ikatoa mlio kama inaikaribisha, halafu kimya. Programu ya kuunganishia nikiibonyeza inasema hakuna kifaa. Badala ya modemu imetokea picha ya sahani ya CD, na kompyuta yangu haina hata pa kuweka CD. Nimeichomoa na kuichomeka hadi nimechoka. Nimezima na kuwasha. Nimemwomba Mungu.

Hapa kwetu tuko ndani, pembeni ya msitu. Simu haishiki mpaka ufike Usinge, na yangu yenyewe ni kitochi. Intaneti tunaipata kwa sababu modemu imefungwa juu ya mlingoti wa mwanzi nje ya nyumba, na waya mrefu unaingia dirishani. Mpaka kabla ya Pasaka ilikuwa ikifanya kazi vizuri.

Naihitaji kwa kazi za shule. Pia kuna jambo la Jumapili ya Pentekoste ambalo halisogezwi. Tafadhali usiiweke barua hii chini ya barua za wengine.

Wako,
Mwalimu Jeska

*

Ng'ambo, Tabora
8 Aprili 2024

Mwalimu Jeska,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya samaki wa Kigoma, lakini inasomeka. Ungejua wateja wangu wanavyoeleza! "Fundi, imegoma." Basi. Wewe umeniandikia mpaka mlio.

Hiyo sahani ya CD ndiyo imenipa jibu. Modemu za aina yako zina ghala dogo ndani, limebeba programu yake. Ukiichomeka, kwanza hujitambulisha kama sahani, kisha ile programu huiamuru igeuke iwe modemu. Programu yako ni ya zamani na haielewani na mfumo mpya. Kwa hiyo modemu inabisha hodi, inafunguliwa mlango, halafu hakuna anayeiambia iingie.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Kabla ya kuigusa, iondoe ile programu ya zamani yote, usiache hata kipande. Namna ya kuiondoa nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, dirisha kwa dirisha. Zima kompyuta, iwashe, ndipo uweke programu iliyo kwenye flashi, modemu ikiwa haijachomekwa. Ikimaliza, ichomeke upande wa kushoto, kwenye tundu ambalo ndani yake ni jeusi. Lile la bluu liache. Kisha fungua orodha ya vifaa niliyoichora chini kabisa. Ukiona pembetatu ya njano, niandikie imekaa kwenye jina gani.

Jambo lingine. Mfumo ukibadilika, kompyuta husahau njia ya kuingilia mtandaoni. Ikikuuliza, andika lile neno moja nililoliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari, usiongeze chochote.

Hiyo Pentekoste ni nini, kwaya yenu inarushwa mtandaoni? Kama ni kwaya, mniimbie na mimi.

Fundi Plasidi Manirakiza

*

Kijijini
13 Aprili 2024

Fundi Plasidi,

Nimefanya yote. Nimefuata michoro yako kama ramani. Programu ya zamani imeondoka, mpya imeingia, na sahani haionekani tena. Nikapiga kelele hadi mama akauliza kuna nyoka. Lakini pembetatu ya njano ipo, imekaa juu ya jina la modemu yenyewe, na ukibonyeza inasema kifaa hakiwezi kuanza.

Nimeamua kukutumia modemu yenyewe, laini ikiwa ndani. Uwesu amenihakikishia haitakaa karibu na sufuria.

Siyo kwaya. Nilikuficha kwa sababu jambo lenyewe ni la mama yangu, naye hapendi litembee. Lakini sasa umebeba kazi yetu, ni haki ujue unachokibeba.

Mama yangu, Agnetha, alizaliwa Burundi. Mwaka sabini na mbili, vita vilipowakimbiza, walivuka na kupandishwa treni Kigoma waletwe makambini. Hapa Usinge treni ilisimama, yeye akashuka, treni ikaondoka. Alikuwa na umri wa kama miaka mitano. Mfanyakazi wa reli alimchukua akampeleka kwa mkewe kijijini Ntalikwa, wakamlea kama mtoto wao. Waliwahi kuuliza huku na huku, hakuna aliyejitokeza. Baadaye akaolewa huku Usinge.

Mwaka jana mwanamke mmoja wa Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi, anaitwa Benedikta, alikwenda Burundi kuona ndugu zake. Nilimpa picha ya mama. Akaiacha kwa padri wa parokia moja upande wa Ruyigi, ikatangazwa kanisani. Akasimama mwanamke anaitwa Karitasi. Hata hakuitazama picha sana. Aliuliza kama mtu huyo ana kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, la kuunguzwa na uji. Mama analo.

Ni dada yake, Fundi. Yuko hai. Lakini macho yake yanaziba, na daktari amemwambia mwanga unapungua mwezi kwa mwezi. Anataka kuuona uso wa mdogo wake wakati bado anaona. Kule parokiani kuna kompyuta yenye kioo kikubwa, na padri amepanga wakutane kwa video Jumapili ya Pentekoste baada ya misa. Mama alivunjika mguu mwezi wa pili, anatembelea magongo, na njia ya Usinge sasa ni matope. Hawezi kupanda pikipiki. Lazima mtandao umfuate humu ndani.

Kabla kompyuta haijabadilika, padri alitutumia sauti ya Karitasi akimsalimia. Mama aliisikiliza akalia sana. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Jeska

*

Ng'ambo, Tabora
18 Aprili 2024

Mwalimu Jeska,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mteja alikuja na redio yake nikamwambia arudi jioni.

Modemu ni nzima. Programu yake ya ndani ndiyo ilikuwa imechakaa, nimeiongezea mpya. Nimeijaribu kwenye kompyuta yenye mfumo kama wako, kwa laini yako mwenyewe, ikashika mara moja. Nimeirudisha laini ndani, nikafunga kifuniko, nikazungusha utepe mweusi kisifunguke njiani. Ichomeke tundu lile lile la kushoto. Pembetatu haitakuwepo.

Nimempa Uwesu mkononi. Amesema mkewe Shamimu anakuja kwenu kununua asali, atakuletea mpaka mlangoni.

Mpe mama shikamoo yangu.

Plasidi Manirakiza

*

Kijijini
24 Aprili 2024

Bwana Plasidi,

Pembetatu imeondoka kama ulivyosema. Modemu inaonekana. Inaniambia hakuna laini.

Nimeukata utepe wako, nimefungua kifuniko. Ndani ni patupu.

Laini ile imesajiliwa kwa jina langu na kwa alama ya kidole changu. Ndiyo namba aliyonayo padri, na humo ndimo lilimo bando nililolinunua kwa ajili ya Pentekoste. Kupata nyingine ni lazima niende hadi Kaliua mjini, na shule haina mwalimu wa kunishikia darasa. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba umeirudisha. Uwesu hajui modemu inafunguliwaje. Shamimu aliikabidhi nyumbani ikiwa imefungwa. Sasa niambie nimfikirie nani.

Nilikueleza habari za nyumbani kwetu ambazo sijamweleza hata mwalimu mkuu. Kama umeisahau mezani kwako, itume kwa treni ijayo. Kama kuna sababu nyingine, usiniandikie, itume tu.

Jeska

*

Kijijini
25 Aprili 2024

Mwanangu Plasidi,

Mimi ni Agnetha, mama yake Jeska. Barua hii nampa Shamimu bila mwanangu kujua. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, unisamehe.

Usihangaike kutafuta laini. Ninayo mimi. Shamimu aliponiletea kifurushi Jeska alikuwa shuleni. Nikafungua, nikaitoa, nikaufunga utepe kama ulivyokuwa. Nimeona jana anakuandikia kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi. Sikupata ujasiri wa kumwambia. Nilikaa na mguu wangu juu ya kigoda nikatazama chini.

Nitakwambia kwa nini. Jeska anasema nililia kwa furaha niliposikia sauti ya dada yangu. Siyo. Nililia kwa sababu sikuelewa hata neno moja. Dada yangu anasema nami, na mimi namsikia kama ninavyosikia redio ya nchi nyingine. Nilingoja angalau jina langu, nikadhani nimelisikia, kumbe ni neno lingine. Kirundi changu kilibaki kwenye treni. Nikiota, naota kwa Kinyamwezi.

Wanasema padri atatafsiri. Mwanangu, huyo ni dada yangu tuliyelala kwenye mkeka mmoja. Nitakaa mbele yake kama mgeni wa serikali, mtu wa katikati anasema "mama anasema hivi"? Naye macho yanaondoka. Atakapoona uso wangu umekaa bubu atafikiri walimpa mtu mwingine. Nikaona afadhali asinione, abaki na yule mtoto anayemkumbuka.

Lakini tangu niitoe hiyo laini silali vizuri. Naiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, naitoa, naitazama. Ni kitu kidogo kuliko ukucha.

Nimeona juu ya bahasha yako umeandika Manirakiza. Hilo si jina la Kinyamwezi. Kama wewe ni wa Ulyankulu, na kama nyumbani kwenu bado mnakisema, nifundishe maneno machache. Yasiwe mengi, kichwa changu kimekomaa. Nikiyapata nitamrudishia Jeska laini yake mwenyewe. Nakuomba usimwambie. Nataka nimwambie mimi.

Mama Agnetha

*

Ng'ambo, Tabora
30 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Barua yako na ya Mwalimu zimefika kwa treni moja. Nilifungua ya Mwalimu kwanza, kwa hiyo unaweza kufikiri niliipokeaje yako.

Ndiyo Mama, mimi ni wa Ulyankulu, kijiji cha barabara ya kumi na tatu. Tulizaliwa huku, babu zetu walikuja kwa treni hizo hizo. Lakini nisikudanganye, na mimi Kirundi changu kina kutu. Shuleni tulikuwa tunakificha, wenzetu walikuwa wakituiga na kutucheka. Nikaanza kumjibu mama yangu kwa Kiswahili, na mpaka leo yeye anasema hivi mimi najibu hivi. Kwa hiyo barua yako nimempelekea yeye. Nilipanda basi Jumamosi nikamsomea. Anaitwa Vestina. Alisikiliza hadi mwisho akaniambia, "Lete hiyo simu yako nirekodi, wewe utamharibia matamshi."

Shamimu atakupa memori kadi. Iweke kwenye ile redio yako ndogo. Utamsikia mama akisema neno taratibu, kisha maana yake, kisha neno tena. Nakuandikia machache uyaone pia kwa macho.

Amahoro ni salamu, ni kumtakia mtu amani. Akikuuliza "urakomeye?" anataka kujua kama u mzima. Mjibu "ndakomeye." Mukuru wanje ni dada yangu mkubwa. Ndakubona ni nakuona. Sema Mama, siyo sawa na Kinyamwezi chenu? Kuona si ni kubona? Mama Vestina anasema wewe hukuacha lugha mbali, uliiacha kwa jirani. Na hili la mwisho amelichagua yeye: ndiho. Nipo, niko hai.

Anasema pia usiogope kukosea. Karitasi hakuja kusikiliza hotuba.

Siri yako ninayo. Mwalimu ana haki ya kukasirika kwa anachokijua, na mimi sitajitetea. Ila Mama, Pentekoste iko karibu.

Mwanao,
Plasidi

*

Ng'ambo, Tabora
30 Aprili 2024

Mwalimu Jeska,

Nimepokea barua yako. Laini haiko kwangu. Najua hilo halikutoshi, na sina la kuongeza.

Nakuomba usiende Kaliua bado. Ukisajili laini mpya, ile ya zamani itafungwa na bando litapotea. Subiri kidogo, pekueni nyumbani. Wakati unangoja, iache modemu imechomekwa uone kama kompyuta inaitambua siku nzima au inaipoteza. Hilo nahitaji kulijua kabla ya siku yenyewe.

Kama baada ya haya utataka fundi mwingine, yuko mmoja karibu na soko, anaitwa Raymundi, ni mwaminifu. Michoro yangu itamfaa.

Plasidi Manirakiza

*

Kijijini
7 Mei 2024

Kaka Plasidi,

Sijui nianzie wapi, naanzia mezani.

Jana tulikuwa tunakula. Siku zote hizi mama amekuwa akilala na redio sikioni, amejifunika khanga hadi kichwani. Nilidhani ni mahubiri. Nikimkaribia anaizima. Jana nikamwambia, "Mama, na mimi nisikie hayo mahubiri." Akaacha kula. Akanyoosha mkono juu ya kile kitabu cha nyimbo, akatoa laini, akaiweka karibu na bakuli langu.

"Fundi hana kosa," akasema. "Niliiba mimi."

Nilimkasirikia, sikufichi. Nilisema, "Mama, unajua nimemwandikia nini mtu wa watu?" Akanijibu kwamba anajua, aliiona kalamu yangu ikitoboa karatasi. Kisha akanieleza yote. Kwamba ile siku hakulia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake siku hiyo, nimemshika bega, nikatabasamu. Nilirudia kuicheza ile sauti ili afurahi zaidi. Nikimkumbuka alivyokuwa anaitikia kwa kichwa natamani ardhi inifunike.

Na wewe ulijua, ukakubali niendelee kukuona mwizi. Ulinitajia hata fundi mwingine! Nisamehe, Kaka. Nilikuandikia maneno ambayo nisingependa mwanafunzi wangu ayaandike kwa mtu.

Sasa sikiliza. Niliiweka laini, nikaandika lile neno ulilolipigia mstari, na intaneti ikaingia! Barua za padri zikamiminika. Anasema Karitasi anaomba kila siku tusikose. Lakini baada ya muda mfupi modemu ikazimika yenyewe. Nikiichomoa na kuirudisha inashika, kisha inakufa tena, hasa nikiacha kugusa kompyuta. Siku ulizoniambia niiache imechomekwa, ilikuwa hivyo hivyo: inaonekana, inapotea. Kabla ya Pasaka haikuwa hivi, na mlingoti ni ule ule, waya ni ule ule.

Mama ananituma nikuambie "ndakomeye". Anatembea na magongo uani akisema na kuku.

Dada yako,
Jeska

*

Ng'ambo, Tabora
11 Mei 2024

Dada Jeska,

Hakuna deni. Nilicheka nilipofika kwa kuku.

Naandika haraka, Uwesu amesimama mlangoni anaangalia saa. Mfumo mpya ni bahili wa umeme. Ukikaa bila kugusa kitu, kompyuta inanyima umeme matundu yake ili kutunza betri. Modemu yako iko mwisho wa waya mrefu, tayari umeme unaifikia umechoka. Ikibaniwa kidogo tu inazimia. Nimekuchorea dirisha la kuzuia ubahili huo. Kuna kisanduku chenye alama ya vema. Iondoe alama hiyo, kwenye kila jina nililolizungushia duara. Usiruke hata moja.

Halafu fupisha waya. Ule ninaokutumia ni mfupi na mnene. Mlingoti usogee ukutani kabisa, hata kama itabidi utoboe wavu wa dirisha. Siku ya Pentekoste acha chaja ya sola imechomekwa tangu asubuhi, funga programu nyingine zote, na usiiruhusu kompyuta ijisasishe. Ikikuuliza kama unataka kipya, safari hii kataa.

Sitaweza kujibu tena kabla ya Jumapili, treni haitawahi. Mama Vestina ameshawaambia wanawake wa jumuiya yake yote. Nadhani Ulyankulu nzima mtakuwa nayo chumbani.

Plasidi

*

Kijijini
20 Mei 2024

Mwanangu Plasidi,

Jeska alitaka kuandika yeye, nimemnyang'anya kalamu. Amebaki na nafasi ya salamu tu: anasema modemu haikuzimika hata kidogo, na tundu kwenye wavu limeingiza mbu.

Nilivaa gauni langu la kijani. Nilikaa tangu hawajatoka kanisani, mguu juu ya kigoda, nikayarudia maneno yote kwa mpangilio wa mama yako. Amahoro. Ndakomeye. Mukuru wanje. Nilikuwa nayo yote, yamekaa sawa.

Kioo kikatoa mlio. Jeska akabonyeza. Kwanza ilikuja picha imekatika vipande vipande kama kitambaa cha viraka, kisha ikatulia, nikaona paji la uso tu na kilemba. Alikuwa amesogea mno ili aone. Padri akamvuta nyuma kidogo. Mwanangu, ana pua yangu. Sijawahi kuona pua yangu kwa mtu mwingine, Jeska ana ya baba yake.

Akasema amahoro. Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu. Maneno yote yalikimbia. Nikawa namtazama, naye ananitazama kwa macho yale yenye ukungu, anahamisha kichwa huku na huku atafute mahali panapoonekana vizuri. Jeska akaninong'oneza, "Mama, ndakubona." Siwezi. Machozi tu. Nikasema moyoni, ndilo lile nililoliogopa.

Ndipo mdomo ukasema wenyewe. Ukasema, "Ndashonje."

Neno hilo mama yako hakunifundisha. Sikujua kama ninalo. Hata maana yake sikuijua pale pale, nilijua tu sauti yangu imekuwa nyembamba nilipolitamka.

Karitasi aliacha kuhamisha kichwa. Kisha akacheka. Alicheka akipiga meza mpaka picha ikatikisika, akafunika uso kwa mikono, akalia, akacheka tena. Padri naye akachanganyikiwa, akamwuliza, wakasemezana, kisha akaniambia kwa Kiswahili: "Mama, umesema una njaa."

Karitasi akaeleza, padri akanitafsiria: kumbe njia nzima kutoka Kigoma nilikuwa navuta nguo yake nikisema hivyo. Una nini? Ndashonje. Nyamaza. Ndashonje. Naye alikuwa mtoto wa miaka kumi, mama yetu anaumwa sakafuni, hana cha kunipa. Akanikatalia, akasinzia. Alipoamka sipo. Nadhani nilifuata harufu ya mihogo ya stesheni. Siku zote zile za maisha yake, akiinjika chungu, analisikia neno hilo. Hakuwahi kumwambia mtu. Na neno la kwanza nililomletea baada ya miaka yote hii ni lile lile.

Nikamwomba padri amwambie hivi: kwamba nilishuka nikapata chakula. Kwamba watu wa hapa walinilisha, nikashiba, nikakua, nikazaa, nikanenepa, atazame mwenyewe. Nikasimama kwa magongo ili anione wote. Jeska akasogeza kompyuta nyuma mpaka waya ukakaza. Karitasi akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema ananiona. Akasema nina mwendo wa mama yetu, na nilikuwa nimesimama tu! Tukacheka.

Baada ya hapo maneno ya Mama Vestina yakaanza kurudi moja moja. Nilisema ndiho. Nilisema mukuru wanje. Hili alitaka nilirudie, nikalirudia.

Macho yake anatiwa dawa ya matone, daktari anasema mwanga uliobaki unaweza kushikiliwa kama hataacha kutia. Sasa hataacha. Mguu wangu unafunguliwa mwezi wa sita. Mvua zikikatika kabisa nitapanda treni hadi Kigoma na Jeska, na padri atamleta mpakani. Mama yako naye ametuma ujumbe kupitia kwa Benedikta kwamba anakuja nasi. Nimesema aje, lakini akae behewa lingine, mimi nataka kuongea na dada yangu mwenyewe.

Mwisho Karitasi alisogea tena, paji la uso likajaa kioo, akaniambia jambo polepole kama unavyoongea na mtoto. Nikaona padri anafungua mdomo atafsiri. Nikamwinulia mkono akae kimya. Nilikuwa nimelisikia neno moja ndani yake, nalo halikuhitaji mtu: ibiharage. Ananipikia maharage.

Mama yako mwingine,
Agnetha